Jino Moja na Mlima Mmoja: Majira ya Vali katika Injini ya Lori la Dizeli

Barabara itokayo Muheza kwenda Amani huanza katika tambarare ya mikonge na michungwa, kiasi cha meta 200 juu ya usawa wa bahari. Ikiisha kufika Zigi huingia msituni, ikaanza kupanda kwa kona baada ya kona, hadi kufikia Amani yenyewe, kiasi cha meta 900. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha huko taasisi ya utafiti wa biolojia na kilimo, na baadaye wakajenga reli ya kuteremsha mbao kutoka Zigi hadi Tengeni. Reli hiyo haikuupanda mlima. Iliishia chini yake. Kwa hiyo chai ya Usambara ya Mashariki, pamoja na iliki, mdalasini na pilipili manga za wakulima wa vijiji vya huko, zimeitegemea barabara, na barabara imelitegemea lori la dizeli.

Lori hilo linapopanda kwa taabu, huku likitoa moshi mweusi, maelezo yanayotolewa aghalabu ni mamoja: "Ni mlima huo, hewa ya juu ni nyepesi." Maelezo haya yana ukweli ndani yake, na kwa sababu hiyo ni ya hatari. Yanaweza kulifunika kosa lililofanywa karakanani wakati injini ilipokuwa ikikusanywa upya, nalo ni kosa la jino moja tu la gia. Katika makala haya tutapima vitu viwili kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifuata: kwanza mlima, kisha jino. Halafu tutaviweka katika mizani.

Mlima unapunguza hewa kiasi gani?

Kanieneo ya hewa, yaani nguvu inayokandamiza kila kipande cha eneo, hupungua kadiri tunavyopanda. Katika hali ya kawaida ya angahewa, kwenye kimo cha Muheza ni takriban kilopaskali 99. Kwenye kimo cha Amani ni takriban kilopaskali 91. Upungufu ni kama 8 katika kila 100.

Lakini Amani kuna baridi zaidi, na hewa ya baridi hukaa kwa msongamano zaidi. Tuchukue siku ambayo Muheza ni sentigredi 27 na Amani ni sentigredi 21. Katika kipimo cha Kelvin hizo ni 300 na 294. Tukitumia kanuni ya gesi tuliyofundishwa darasani, msongamano wa hewa ya Amani ukilinganishwa na ule wa Muheza ni (91 ÷ 99) × (300 ÷ 294), ambayo ni takriban 0.94. Basi injini isiyo na taabo, yaani ile inayovuta hewa kwa pumzi yake yenyewe, hupoteza Amani kiasi cha hewa 6 katika kila 100 ilizokuwa ikipata Muheza.

Hasara hiyo ipo, lakini si kubwa. Lori zima, lenye mzigo wa halali, halina budi kuuhisi mlima. Halina sababu ya kushindwa nao.

Injini inavyopumua

Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Rudolf Diesel, ambaye injini yake ilifaulu majaribio mjini Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, aliitegemea hewa yenyewe: ikishindiliwa kwa nguvu hupata joto kali, na mafuta yakinyunyizwa ndani yake huwaka bila kuwashwa. Kwa hiyo hewa katika injini hii ina kazi mbili. Ndiyo inayoyaunguza mafuta, na ndiyo kiberiti.

Kazi hufanyika kwa mapigo manne. Pistoni hushuka ikivuta hewa; hupanda ikiishindilia; hushuka tena ikisukumwa na mlipuko; kisha hupanda ikitoa moshi. Katika mapigo hayo manne krenkishafti huzunguka mara mbili. Lakini vali ya kuingiza hewa inatakiwa ifunguke mara moja tu, na vali ya kutolea moshi vivyo hivyo. Kwa sababu hiyo kamshafti, ambayo nundu zake ndizo zinazozifungua vali, hupewa gia yenye meno mara mbili ya gia ya krenkishafti, ili izunguke mara moja kila krenkishafti inapozunguka mara mbili.

Msomaji angeweza kudhani kwamba vali hufunguka na kufunga pistoni inapofika hasa kwenye kikomo cha juu au cha chini. Sivyo. Hewa ina uzito, na vitu vyenye uzito huchelewa kuanza mwendo na huchelewa kusimama. Mtengenezaji huzingatia jambo hilo. Mathalani, katika injini ya mfano wetu vali ya kuingiza hufunguka nyuzi 15 za mzunguko wa krenki kabla ya kikomo cha juu, na hufunga nyuzi 40 baada ya kikomo cha chini. Vali ya kutolea hufunguka nyuzi 50 kabla ya kikomo cha chini, na hufunga nyuzi 15 baada ya kikomo cha juu. Hivyo upo muda mfupi, karibu na kikomo cha juu, ambapo vali zote mbili ziko wazi kidogo: moja inaondoka zamu na nyingine inaingia. Mpango huu wote ndio mafundi wanaouita taimingi. Hapa tutauita majira ya vali.

Jino moja lina uzito gani?

Tuseme gia ya kamshafti ina meno 60. Jino moja ni sehemu moja ya 60 ya duara, yaani nyuzi 6 za kamshafti. Lakini kamshafti huenda nusu ya mwendo wa krenkishafti. Kwa hiyo nyuzi hizo 6 ni nyuzi 12 za krenki. Fundi akiikosea gia kwa jino moja kuelekea upande wa kuchelewa, vali ya kuingiza haitafunga nyuzi 40 baada ya kikomo cha chini, bali nyuzi 52.

Wakati huo pistoni imekwisha kuanza kupanda, na kwa kuwa mlango ungali wazi, inairudisha nje hewa iliyokwisha ingia. Ni kiasi gani? Tuchukue injini yenye uwiano wa mgandamizo wa 17 kwa 1. Maana yake ni kwamba, pistoni ikiwa chini kabisa, ujazo wa silinda ni sehemu 17, na ikiwa juu kabisa ni sehemu 1. Safari ya pistoni ni sehemu 16. Ikiwa urefu wa konrodi ni kama mara tatu na nusu ya mkono wa krenki, hesabu ya pembetatu inaonyesha kwamba kwenye nyuzi 40 pistoni imekwisha panda kiasi cha 9 katika 100 za safari yake, na kwenye nyuzi 52 imepanda kiasi cha 15 katika 100. Ujazo unaofungiwa ndani ni sehemu 15.6 katika hali ya kwanza, na sehemu 14.6 katika hali ya pili.

Tofauti ni sehemu 1 katika 15.6, yaani takriban 6 katika kila 100.

Sasa msomaji na arudi kwenye hesabu ya mlima. Injini inapokwenda polepole, kama wakati wa kuwashwa au wa kupanda kona kali, jino moja la gia ya mfano wetu huipokonya hewa ile ile ambayo hupokonywa na mlima wote kutoka Muheza hadi Amani. Lori lenye kosa hilo linapofika Amani limebeba milima miwili: mmoja ulio chini ya magurudumu yake, na mmoja ulio ndani ya injini. Hewa yake ni 0.94 × 0.94, ambayo ni takriban 0.88. Mafuta yanayonyunyizwa ni yale yale, hewa ya kuyaunguza haitoshi, na mabaki yake ndiyo moshi mweusi.

Kuutofautisha mlima na jino

Hapa ndipo hesabu inapotuletea faida ya vitendo. Mlima haushuki na lori. Jino hushuka nalo. Lori ambalo kosa lake ni mlima tu litapata pumzi yake yote likifika Muheza. Lori lenye kosa la jino litakuwa dhaifu hata kwenye barabara tambarare ya Tanga, nalo litakuwa gumu kuwaka asubuhi, kwa kuwa hewa iliyoshindiliwa haipati joto lake la kawaida. Tena, udhaifu wa jino huanza siku moja inayojulikana: siku injini ilipotoka kufunguliwa. Swali la kwanza la kumwuliza dereva ni hili: "Tangu lini?"

Hata hivyo isidhaniwe kwamba kila moshi mweusi unatoka katika majira ya vali. Chujio la hewa lililojaa vumbi jekundu la kiangazi huinyima injini hewa vile vile, na kulikagua hakugharimu chochote. Noseli iliyochakaa hudondosha mafuta badala ya kuyanyunyiza. Ni utaratibu mwema kuanza na lililo jepesi kukaguliwa, na kuifungua injini mwisho kabisa.

Mambo matatu yanayoitwa jina moja

Chanzo kikubwa cha makosa ni kwamba neno "taimingi" hutumiwa kwa mambo matatu yaliyo mbalimbali.

La kwanza ni majira ya vali, ambayo tumekwisha yaeleza. Katika injini nyingi za malori haya hayarekebishwi kidogo kidogo kama mtu arekebishavyo saa. Yamekatwa katika chuma cha nundu na meno ya gia. Ama yako sawa, ama yamekosewa kwa jino zima. Kazi ya fundi ni kuyarudisha mahali pake.

La pili ni nafasi ya vali, yaani uwazi mdogo unaoachwa kati ya roka na mkia wa vali ili chuma kipate mahali pa kutanukia kikipata moto. Hupimwa kwa fila geji, nao ni sehemu ndogo ya milimeta, kwa kadiri ya kitabu cha mtengenezaji. Nafasi ikizidi, vali huchelewa kufunguka na huwahi kufunga. Ikipungua mno, vali haikai vizuri kitini pake, na huungua.

La tatu ni majira ya pampu ya dizeli, yaani wakati mafuta yanaponyunyizwa. Haya ndiyo yanayoweza kusogezwa kidogo kwa kuigeuza pampu katika bolti zake, au kwa namna nyingine aliyoiweka mtengenezaji.

Tofauti ya lile la kwanza na la pili inafaa ikumbukwe. Kosa la nafasi ya vali huvuta ncha mbili za ufunguzi kuelekeana: kufunguka huchelewa, kufunga huwahi. Kosa la jino husukuma ncha zote upande mmoja: kufunguka huchelewa, na kufunga huchelewa vile vile. Mwenye kupima ncha zote mbili atajua ni kosa gani. Mwenye kupima moja hawezi kujua. Na ambaye, bila ya kupima, huiwahisha pampu ili kuificha hitilafu ya jino, huongeza kosa la pili juu ya la kwanza. Injini huanza kugonga, nayo huharibika mapema zaidi.

Alama zinazokataa kukutana

Watengenezaji hupiga alama kwenye meno ya gia, ili fundi azikutanishe wakati wa kuzifunga. Lakini katika injini nyingi kati ya gia ya krenki na gia ya kamshafti kuna gia ya kati, na hapo hutokea jambo linalowatia watu wasiwasi. Alama zote zimekutanishwa barabara. Fundi anaizungusha krenki mara mbili ili ahakikishe. Anatazama, na alama za gia ya kati hazikutani tena. Wapo wanaofungua kila kitu na kuanza upya, na katika kufungua huko ndiko huingia kosa ambalo halikuwapo.

Jawabu liko katika hesabu ya shule ya msingi, nayo ni kigawe kidogo cha shirika. Tuseme gia ya krenki ina meno 30, ya kati 47, na ya kamshafti 60. Alama zote zitakutana tena pale tu idadi ya meno yaliyopita itakapogawanyika kwa 30, kwa 47 na kwa 60. Kigawe kidogo cha shirika cha namba hizo ni 2,820. Krenki itakuwa imezunguka 2,820 ÷ 30, yaani mara 94. Gia ya kati mara 60, na kamshafti mara 47. Kabla ya mzunguko huo wa 94 alama hazitakutana zote, wala hapana kosa. Gia ya kati haibadilishi majira. Kazi yake ni kupokea na kupitisha mwendo. Kilicho muhimu ni uhusiano wa krenki na kamshafti, na huo hurudi kila krenki ikizunguka mara mbili.

Kupima kwa chaki na utepe

Kwanza yatupasa kukijua kikomo cha juu cha pistoni ya kwanza. Mtu asikitafute kwa macho. Katika injini ambayo safari ya pistoni ni milimeta 130, nyuzi 5 kabla ya kikomo pistoni imebakiza theluthi moja tu ya milimeta. Karibu na kilele pistoni ni kama imesimama, ingawa krenki inazunguka.

Njia iliyo bora ni ya kugawa katikati. Ikiwa kichwa cha silinda kingali wazi, pistoni husimamishwa kwenye kina fulani wakati ikipanda, tuseme milimeta 10 chini ya uso wa bloku, na alama ya chaki ikatiwa kwenye puli ya mbele, mkabala na ncha ya waya iliyofungwa imara. Kisha krenki huzungushwa, ikipita kilele, mpaka pistoni ifikie kina kile kile ikishuka, na alama ya pili ikatiwa. Katikati ya alama hizo mbili ndipo kilipo kikomo cha juu. Yafaa krenki ifikishwe kwenye alama kwa kuzungushwa upande ule ule wa kawaida, ili ulegevu wa gia usiharibu kipimo.

Puli yenye kipenyo cha milimeta 200 ina mzingo wa milimeta 628. Utepe wa karatasi wa urefu huo ukizungushiwa puli, kila nyuzi 1 ni milimeta 1.7, na nyuzi 12 za jino letu ni milimeta 21. Kosa ambalo jicho haliwezi kuliona kwenye pistoni linaonekana wazi kwenye utepe.

Injini ikiisha kufungwa na nafasi za vali kuwekwa, huzungushwa mpaka vali mbili za silinda ya kwanza zifike kwenye kupokezana zamu. Katika injini ya mfano wetu vali hizo hulingana kwa ufunguzi mdogo kwenye kikomo cha juu hasa. Zikilingana milimeta 21 baada ya alama, kamshafti imechelewa jino moja; zikilingana milimeta 21 kabla yake, imewahi jino moja. Kila injini ina nyuzi zake, na kitabu cha mtengenezaji ndicho kinachofuatwa. Njia ya kupima ni ile ile.

Kwa nini kosa hili halivumiliki

Katika injini ya dizeli chumba kinachobaki juu ya pistoni ni chembamba sana. Wakati wa kupokezana zamu, pistoni na vali hupishana kwa nafasi ndogo mno. Kamshafti ikichelewa, pistoni inayopanda huikuta vali ya kutolea ingali wazi kupita kiasi. Ikiwahi, vali ya kuingiza hushuka mapema kuilaki pistoni. Kwa jino moja huenda zikakwepana. Kwa mawili au matatu hugongana, na vali ikapinda au ikakatika. Ndiyo sababu injini iliyofungwa upya huzungushwa kwanza mizunguko miwili kamili kwa spana na kwa mkono. Mkono ukihisi kitu kigumu utasimama, stata haitasimama.

Lipo jambo zito zaidi. Lori lenye breki za upepo hujaza mitungi yake kwa kompresa inayoendeshwa na injini yenyewe. Injini ikikatika vali katikati ya mteremko wa kwenda Zigi, likiwa na tani za chai nyuma yake, lori hupoteza kwa wakati mmoja nguvu ya injini ya kulizuia na chombo cha kulijazia upepo wa breki. Upepo uliobaki mitunguni ndio akiba pekee ya dereva, na kila anapokanyaga hupungua. Hapo kosa la gia huwa si hasara ya mafuta tena, bali ni la uhai wa watu.

Injini za malori ya miaka ya karibuni zina vihisio kwenye krenki na kwenye kamshafti, na kompyuta yake hulinganisha ishara za pande mbili, ikamwarifu dereva zinapoachana. Lakini kihisio hakirudishi jino mahali pake. Na malori mengi ya zamani yangali barabarani, yakitegemea jicho na hesabu ya fundi.

Zoezi kwa shule

Walimu wa hisabati na fizikia wanaweza kulifanya somo hili kwa karatasi ngumu. Kateni maduara mawili, moja likiwa na kipenyo mara mbili ya jingine, na uzi mmoja uzunguke yote mawili bila kuteleza. Kwenye duara dogo wekeni alama za vikomo. Kwenye kubwa chora nundu mbili. Wanafunzi na watafute kwa nyuzi ngapi za duara dogo kila nundu inaanza na kumaliza kazi yake. Kisha duara kubwa lisogezwe nyuzi 6, wapime upya, na waeleze ni nini kilichohama na ni nini kilichobaki.

Mwanafunzi aliyefanya zoezi hilo ataweza siku moja kusimama katika karakana ya Muheza au Korogwe, na akiambiwa kwamba lori limeshindwa na mlima, ataomba kwanza chaki na utepe.